Bima ndogo: je, ni haki mwenye Corolla chakavu abebe gharama ya magari ya kifahari?

#1. Mleta uzi, Morogoro

Wanajukwaa, salaam. Nimekaa na jambo hili tangu mwezi wa tatu, na kila nilipotaka kuliandika nilikuta hasira imeitangulia hoja, nikaliacha lipoe. Sasa limepoa kiasi cha kuandikika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nina Toyota Corolla ya mwaka 1998 ambayo leo nikiiuza sitapata zaidi ya milioni nne na nusu, na ndiyo inayomshusha mke wangu sokoni alfajiri pamoja na karoti zake za Mgeta. Kila mwaka naikatia bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu, kwa Sh 118,000. Laki moja ni ya bima yenyewe na 18,000 ni VAT. Sijawahi kukaa bila stika hata siku moja, na wala sikati bima kwa kumwogopa trafiki tu. Naamini kwamba ukimgonga mtu, lazima awepo wa kumtibu.

Siku ya ajali mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye foleni ya Msamvu breki zilichelewa kushika, nikaligusa kwa nyuma gari moja la kifahari ambalo thamani yake, kwa maelezo ya mwenyewe tukiwa tumesimama pale barabarani, inazidi milioni mia mbili. Nasema nililigusa kwa sababu Corolla yangu ilipata mkwaruzo na taa moja ya mbele ikapasuka, kitu ambacho fundi alikimaliza kwa elfu themanini. Kule kwa mwenzangu bampa lilichomoka kwenye vishikizo vyake, sensa mbili zilizokuwa ndani yake zikafa, na taa ya nyuma, ambayo haiuzwi kioo peke yake bali nzima, ikaingia ufa wa urefu wa kidole. Makadirio ya gereji yalikuja Sh 9,400,000. Niliisoma ile karatasi mara tatu. Taa peke yake ilikuwa 3,600,000, maana yake ukichukua taa moja ya gari lile ukaongeza laki tisa, umeninunulia gari langu zima.

Kampuni yangu ya bima, ambayo sitaitaja, iliniagiza fomu za polisi, yaani PF 90 na PF 115, ramani ya ajali kutoka kituo cha polisi na nakala ya hukumu ya mahakama inayoonyesha kwamba nilitiwa hatiani. Nilivipata vyote, kwa siku nilizoomba ruhusa kazini na nyingine ambazo sikuomba. Kisha nikaambiwa kwamba nimevunja sharti la mkataba kwa kukiri kosa bila idhini ya kampuni. Sharti hilo lipo kweli, kwenye kijitabu ambacho siku ya kulipia sikupewa. Nilichopewa ni ujumbe wa stika kwenye simu. Nilijiuliza nifanyeje ili hukumu ya hatia ipatikane na wakati huohuo niwe sikukiri, na mpaka leo sijapata jibu. Baada ya miezi minne mkadiriaji wao alisema gharama ya haki ni milioni sita, wakalipa hizo. Zile 3,400,000 zilizobaki nazilipa mwenyewe, laki mbili kila mwezi kutoka kwenye mshahara, kwa miezi kumi na saba.

Hoja yangu ni hii. Aliyeamua kuingiza barabarani taa ya milioni tatu na laki sita ni yeye, lakini gharama ya uamuzi huo haikukaa kwake. Imekaa kwenye bima ya kila mwenye Vitz, IST, bajaji au pikipiki anayeweza kumgusa kwenye foleni. Kila gari la namna hiyo linapoongezeka mjini, ajali ndogo inayonisubiri mimi inapanda bei, ingawa mwendo wangu ni uleule na gari langu ni lilelile. Naye, kwa upande wa hasara anayoweza kuwasababishia wengine, hatozwi zaidi yangu kwa kuwa na kitu ghali. Akikata bima ndogo ya gari binafsi, kima chake ni laki moja kama changu. Akikata bima kubwa, ile asilimia 3.5 ya thamani inalinda gari lake mwenyewe, na kampuni yake ikishamtengenezea inachukua nafasi yake na kuja kunidai mimi.

Nauliza, kwa nini kusiwe na kikomo, tuseme milioni tano kwa mali, ambacho juu yake mwenye kitu ghali anajikatia bima yake mwenyewe na hana haki ya kumfuata mwenye gari la kawaida, ila tu kama mtu huyo alikuwa amelewa au aligonga makusudi? Na kwa nini bima ya maisha, ambayo hakuna anayenilazimisha kuinunua, imesamehewa VAT, huku bima ndogo, ambayo nisipokuwa nayo nafikishwa mahakamani, inatozwa asilimia 18?

#2. Wakala wa bima, Mwanza

Mwalimu, pole sana kwa yaliyokukuta. Kuhusu kijitabu nakubaliana nawe kabisa: mteja anastahili kusomewa masharti kabla ya kutoa pesa, na sisi mawakala tunafanya uzembe mkubwa katika hilo kwa sababu mteja naye huwa anataka stika tu, tena haraka, trafiki akiwa amemsimamisha.

Lakini ukubali kwamba bima ya mtu wa tatu haikuulizi gari lako lina thamani gani, kwa sababu hailindi gari lako. Pikipiki ya milioni mbili na nusu inaweza kumvunja mtu nyonga akalazwa miezi mitatu, na lori la milioni mia linaweza kupita miaka kumi bila kumgusa mtu. Ukipanga bei kwa thamani ya gari, utakuwa unamtoza mtu kwa utajiri wake badala ya hatari anayoileta, na hiyo inaitwa kodi.

Jambo la pili, wengi wanadhani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, iliweka viwango vya chini ili kuzinufaisha kampuni. Mimi niko kwenye kazi hii tangu enzi za stika za karatasi. Bila viwango vya chini, wakala huyu anauza kwa bei fulani, wa mtaa wa pili anashusha, wa tatu anashusha tena, na mwisho wake anakuja mjane wa marehemu aliyegongwa, kampuni haina kitu. Bima ya bei ya kutupa ni karatasi ya kumwonyesha trafiki. Ile laki moja si nyingi ukiilinganisha na mguu wa mtu.

Ushauri wa bure ni kwamba, kabla ya kulipia tena, uliza kikomo cha uharibifu wa mali kilichoandikwa kwenye mkataba wako. Kampuni nyingi hukubali kukiongeza ukilipa ziada kidogo.

#3. Dereva wa bajaji, Dar es Salaam

Nawasalimu wote. Mwalimu na mkuu wa Mwanza mnabishana kuhusu ukubwa wa bei. Mimi naomba niwaletee upande ambao kwenye kijiwe chetu ndio unaotuumiza zaidi, nao ni namna ya kulipa.

Sheria inasema bila malipo hakuna bima, na malipo ni yote, mkupuo mmoja, kabla stika haijatoka. Mshahara wa mwalimu unakuja kwa mwezi, wangu unakuja kwa siku. Bajaji ninayoendesha ni ya mkataba, maana yake nampelekea tajiri hesabu ya kila siku mpaka muda tuliokubaliana uishe ndipo chombo kiwe changu. Kwenye mkataba huo imeandikwa kwamba matengenezo, faini na bima ni juu ya dereva. Ikifika siku ya bima, hesabu haisimami. Kwa hiyo nakopa kikoba, nalipa riba, na ukijumlisha ile riba mimi nimenunua stika ileile kwa bei kubwa kuliko mwenye bajaji kumi ambaye analipa kutoka mfukoni. Ukiomba ukatiwe ya miezi mitatu, wanakufungulia jedwali la muda mfupi, unakuta robo ya mwaka haiuzwi kwa robo ya bei.

La pili ni jina. Stika inatoka kwa jina la mwenye chombo kwa sababu kadi ya usajili ni yake. Mwaka juzi niligongwa ubavuni na gari dogo maeneo ya Buguruni. Mhusika alikuwa na bima, na kampuni yake ikakubali kulipa uharibifu wa bajaji. Hundi iliandikwa kwa jina la tajiri. Yeye alitengeneza chombo, akabaki na chenji, na siku kumi na tisa ambazo bajaji ilikuwa gereji akazihesabu kwangu kama deni la hesabu. Sikuwa na pa kusemea, kwa maana kwenye karatasi zote za bima mimi sipo.

Na la tatu, ambalo wenzangu wengi hawalijui mpaka liwakute: dereva mwenyewe si mtu wa tatu. Nikianguka na abiria wawili kwa kosa langu, abiria watatafutiwa fidia, mimi nitatafutiwa mchango wa kijiwe. Nimelipia bima ya kila mtu aliye barabarani isipokuwa ya yule aliyekopa pesa ya kuilipia.

Serikali ilishawahi kuona kwamba mzigo mmoja haubebwi sawa na kila bega. Kwenye bajeti ya mwaka 2022 ilipendekezwa faini ya barabarani kwa bodaboda na bajaji ishuke kutoka Sh 30,000 hadi 10,000, na hakuna aliyesema hiyo ni kodi kwa wenye magari.

#4. Msomaji kutoka Mombasa

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa bara na pwani. Niruhusuni nieleze mambo yalivyo kwetu Kenya, kwa sababu hicho anachokililia ndugu wa bajaji sisi tunacho, na bado hatujapumua.

Huku matatu na tuktuk nyingi hukatiwa bima kwa mwezi. Ni nafuu kwa maana kwamba mtu hahitaji kukusanya donge kubwa, ila ukijumlisha miezi kumi na miwili unakuta umelipa zaidi ya aliyelipa mwaka mzima, na mwezi biashara ikidorora chombo hulala. Hata hivyo, kati ya kulipa zaidi kidogo kidogo na kutoweza kulipa kabisa, mimi ningechagua la kwanza, na nadhani ndugu pia.

Bwana wa Mwanza amenena kweli kuhusu kampuni kuanguka, lakini hakumaliza kisa. Kwetu United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield, iliyokuwa na matatu chungu nzima, mwaka 2011. Kampuni ikianguka, mtu aliyejeruhiwa haachi kudai. Mdaiwa kwenye hukumu ni mwenye gari, kampuni ilikuwa imesimama nyuma yake tu. Ikitoka, dalali wa mahakama anakuja nyumbani kuhesabu viti na friji. Upo mfuko wa kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000 za Kenya kwa dai, wakati sheria yenyewe ya bima ya magari, Sura ya 405, inaweka kikomo cha fidia ya mtu mmoja kuwa milioni tatu. Tofauti hiyo ni ya nani? Ni ya yule aliyetii sheria akalipa bima kila mwezi, kwa kampuni ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeipa leseni.

Tena mwaka 2024 tulikaribia kuongezewa. Mswada wa Fedha ulileta kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani, isiyopungua 5,000 na isiyozidi 100,000, na wa kuikusanya walikuwa kampuni za bima wakati wa kukata bima. Itazameni vizuri hesabu hiyo. Mwenye gari la milioni nne anafika 100,000. Mwenye gari la milioni ishirini analipa 100,000 hiyohiyo, ambayo kwake ni nusu ya asilimia moja. Mwenye kigari cha 150,000 analipa 5,000, ambayo ni zaidi ya asilimia tatu. Waliokiweka kikomo walikiweka juu, kuwakinga wa juu. Kodi hiyo iliondolewa mwezi Juni kabla ya mswada wenyewe kukataliwa, baada ya yale maandamano ambayo sote tunayakumbuka.

#5. Mleta uzi, Morogoro

Ndugu wa Mombasa, ahsante. Nakiri kwamba sikuwahi kufikiria kampuni yangu ikianguka itakuwaje, na usiku wa leo sitalala vizuri.

Mkuu wa Mwanza, unasema mtu atozwe kwa hatari anayoileta. Nakubali. Basi nieleze: gari ambalo likiguswa tu linazalisha hasara ya milioni tisa, je, halijaleta hatari barabarani? Wewe unahesabu hatari ya kugonga. Mimi nakuomba uhesabu na hatari ya kuwa ghali kugongwa.

#6. Wakala wa bima, Mwanza

Hapo mwalimu umenishika. Sina jibu la haraka.

#7. Wakili, Dodoma

Naomba nisahihishe jambo moja ambalo mjadala unalipita. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ni mtoto wa sheria za Uingereza, ambako bima hii ililazimishwa kwanza kwa Sheria ya Barabarani ya mwaka 1930. Lengo lake lilikuwa kifo na majeraha ya mwili. Waingereza wenyewe hawakulazimisha bima ya uharibifu wa mali mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980. Kifungu cha 10 cha sheria yetu kinaibana kampuni ilipe hukumu hata kama ina ugomvi na mteja wake, na mantiki ya kifungu hicho ni kumlinda majeruhi, asiambiwe kwamba dereva alikiri kosa au alichelewa kutoa taarifa.

Kwa hiyo hoja ya mwalimu ya kuweka kikomo kwa mali si ngeni kwa roho ya sheria hii. Mtu na bampa ni vitu viwili, na kuviweka kwenye stika moja kumetufanya tuzungumze kana kwamba ukipunguza ulinzi wa bampa umepunguza ulinzi wa mguu.

Kwa mwalimu binafsi: kabla hujalipa laki mbili nyingine, ungepeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Peleka makadirio yote mawili, lile la gereji na lile la mkadiriaji wa kampuni. Haiwezekani haki ikawa milioni sita kwa kampuni na milioni tisa na laki nne kwako, kwa taa ileile.

#8. Msomaji aliyeko Ohio, Marekani

Nasoma uzi huu nikiwa kwenye mapumziko ya zamu, na nimeona nichangie kidogo, hasa kwa wanaodhani dawa ni kumpangia kila mtu bei yake mwenyewe.

Huku ndivyo ilivyo. Kampuni inaangalia historia yako ya mikopo, mtaa unaoishi, na kama ulipitisha muda bila bima. Nilipofika sikuwa na historia ya mikopo yoyote, kwa sababu nilikotoka nilikuwa nanunua kwa taslimu, na kutokudaiwa huko kulihesabiwa kuwa dosari. Nililipa bei kubwa kuliko mfanyakazi mwenzangu aliyewahi kupata ajali mbili, kwa kuwa yeye historia yake ya benki ni nzuri. Yapo majimbo yaliyokataa utaratibu wa kutumia alama za mikopo, ambayo ni California, Hawaii na Massachusetts. California ilipiga kura mwaka 1988 kwamba rekodi ya udereva, umbali unaoendesha kwa mwaka na miaka ya uzoefu ndivyo viwe vya kwanza katika kupanga bei, na baadaye ikaanzisha bima maalumu ya bei nafuu kwa madereva wenye kipato kidogo na rekodi safi. Ohio hatujafika huko.

Kwa hiyo ile laki moja yenu ya kila mtu ina ubaya wake, lakini angalau haimuulizi mtu anakaa mtaa gani.

#9. Dereva wa lori, Tunduma

Mimi ni mzee wa barabara, nimeshusha mizigo mpaka Johannesburg, na nitasema nilichokiona.

Afrika Kusini mtu haendi kwa wakala kukata bima ya kumlipa majeruhi. Iko ndani ya mafuta tangu mwaka 1986. Kila lita ina tozo inayoingia kwenye Mfuko wa Ajali za Barabarani, na kwa miaka kadhaa ilikuwa randi 2 na senti 18. Botswana na Namibia nao wana mifuko inayokula kwenye mafuta, na Namibia wamekwenda mbele zaidi, dereva aliyeumia anahudumiwa hata kama kosa ni lake, kwa viwango vilivyowekwa. Hapo ndipo nilipomkumbuka ndugu wa bajaji.

Na msiseme kwetu haiwezekani, kwa sababu tulishafanya. Ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo ilikuwa inatufanya tufiche magari nyuma ya nyumba, ilifutwa kwenye bajeti ya mwaka 2017 na badala yake ushuru wa mafuta ukapandishwa kwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo hakuna anayeidaiwa, hakuna anayekimbizana nayo. Gari likiwa juu ya mawe halilipi, likitembea linalipa. Bima ndogo ingeweza kufuata njia hiyohiyo, na stika ikawa historia.

#10. Wakala wa bima, Mwanza

Mzee wa Tunduma, heshima yako. Mtasema natetea ugali wangu, na kweli natetea, ila sikilizeni mambo matatu.

Mfuko ule wa Afrika Kusini umebeba madeni makubwa kwa miaka mingi, na majeruhi wanasubiri. Tozo kuwa rahisi kukusanya hakumaanishi kwamba fidia itakuwa rahisi kulipwa. Pili, mfuko ule unalipa watu, haulipi mali. Taa ya mwalimu ingebaki palepale.

Tatu, tupige hesabu. Mwalimu, unatumia lita ngapi kwa mwezi? Tuseme 40. Kwa mwaka ni 480. Ili zile lita zifikishe laki moja unayolipa sasa, tozo iwe shilingi 208 kwa lita. Sasa mgeukie ndugu wa bajaji anayechoma lita tano kila siku kwa siku 26 za mwezi: kwa mwaka ni lita 1,560, na kwa tozo hiyohiyo atakuwa ametoa Sh 324,480. Najua tozo halisi haitapangwa kwa kumtazama mwalimu peke yake na inaweza kuwa ndogo zaidi, lakini uwiano haubadiliki. Kwa kila shilingi ya mwalimu, bajaji inatoa tatu na robo. Tulianza uzi huu kumtetea mwenye kipato kidogo. Tumefika mahali ambapo anayetembea kutwa kutafuta riziki anamlipia mwenye gari la Jumapili.

#11. Mleta uzi, Morogoro

Langu si la Jumapili, mkuu, ni la karoti. Lakini hesabu yako nimeirudia kwenye karatasi na ni sahihi, na sitaki nafuu yangu itoke kwa ndugu wa bajaji. Nabaki na madai mawili: kikomo cha mali, na VAT iondolewe kwenye bima ya lazima. Wakili, barua kwa Msuluhishi nimeianza leo.

#12. Dereva wa bajaji, Dar es Salaam

Nimechelewa kujibu kwa sababu jioni ndiyo saa ya kazi.

Hesabu ya mkuu wa Mwanza nimeisomea kijiweni kwa sauti, tukagawanyika. Vijana wa bodaboda wanasema heri tozo, kwa kuwa 208 mara lita tano ni 1,040 kwa siku, na pesa hiyo mtu anaitoa bila kukopa wala kubembeleza. Mimi nimewaambia kwamba laki tatu na ushee ni laki tatu na ushee hata ukiimeza kwa vijiko, na kwamba mafuta yakipanda abiria wa mia tano mia tano hakuelewi ukimwambia habari ya mfuko. Tumeachana bila mshindi.

Ninachokitaka ni kidogo kuliko vyote mlivyovitaja. Bei ibaki ileile iliyopo, ila nilipe kwa wiki kwa simu, stika iwe hai wiki niliyolipia, bila jedwali la muda mfupi. Kama luku inaniuzia umeme wa elfu mbili na taa inawaka, sioni kwa nini bima ishindikane. Na jina la dereva liandikwe kwenye mkataba pembeni ya jina la tajiri, hundi ikitoka tuitwe wote wawili.

Stika yangu inaisha tarehe 14. Kikoba kinakaa Jumapili, na nimeshaandikisha jina.